Tupe Hata Mfano Mmoja

Mama alinionya tangu asubuhi. Aliniita jikoni, akaninyoosha kola ya shati kana kwamba bado naenda shule ya msingi, akaniambia kwamba leo mimi si mtu, mimi ni kielelezo. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, alikuwa njiani kutoka Oicha pamoja na mke wake, anakuja kwetu Butembo kuongoza mkutano wa jamaa. Neno la mkutano lilikuwa moja tu: dada yangu mdogo, kitinda mimba wetu, aende kusoma Uganda au abaki.

Haikuwa habari ya pesa. Hiyo kanisa na wajomba walishaipangia njia. Ilikuwa habari ya baraka. Kwetu, tangu baba afariki, mtoto haolewi, paa haliezekwi, mguu hauvuki mpaka wa Kasindi bila neno la baba mkubwa. Mama asingemwacha binti yake apande gari bila neno lile, hata kama malaika wangekuja na pikipiki kumchukua. Na chuo alichokubaliwa dada ni kile kile nilichotoka mimi. Donc wazee wangenionja mimi kwanza, kama vile mtu anavyoonja mchuzi kabla ya kuita wageni mezani.

"Ni wewe batakuangalia," mama akasema. "Ukae muzuri. Na uongee kidogo."

Kuniambia mimi niongee kidogo ni kama kuuambia mto Semuliki upande Ruwenzori kuoga. Lakini niliahidi, na nilipoahidi nilikuwa nasema kweli.

Sasa nieleze ni kielelezo cha namna gani walichokuwa wanakiangalia.

Mimi ni mtoto wa masomo ya jioni. Mchana nilikuwa nauza misumari, bati na simenti katika duka moja la mtaa wa Kimemi, na jioni nakimbilia darasani na simenti kichwani, mpaka mwalimu wa takwimu, siku ya kwanza, aliniita muzee na kunipa kiti cha mbele kwa heshima ya mvi. Umeme wetu ulitoka kwenye jenereta iliyokohoa kuliko mashemasi wote wa Kivu, na ilipokata roho tuliendelea kwa taa za simu. Tulisoma vile tulivyosomeshwa: mwalimu anasoma syllabus yake, daftari la somo zima, sisi tunaandika. Anasoma hata alama za mkato na nukta: virgule, point, à la ligne. Siku ya mtihani tunamrudishia maneno yake mazima, kama sahani iliyoazimwa kwa jirani, haina hata ufa. Mimi nilikuwa bingwa wa kurudisha sahani. Kuna sura moja ya maendeleo ya vijijini niliyoijua mpaka pale mwalimu alipokohoa, na kwenye mtihani wa mdomo nikaikohoa.

Chuo chetu kilipopatana na chuo kimoja ng'ambo ya mpaka kwamba wanafunzi wachache waende kukaa kule mwaka mmoja wa masomo, na jina langu likawa ndani, Kimemi yote ilijua kabla ya saa sita. Niliondoka na koti, na valizi, na Kiingereza cha kununulia ndizi.

Kule, darasa la kwanza, nilikuta viti vimepangwa duara kama vya watu wanaoota moto. Mwalimu alikuwa mama mmoja mwenye viatu vya raba. Alipoingia nilisimama, kwa sababu kwetu mwalimu akiingia unasimama. Nilisimama peke yangu kama mlingoti wa bendera. Yeye akakaa juu ya meza, miguu inaning'inia, akauliza kwa upole tunawaza nini: kwa nini watu wa kijiji wanaweza kuukataa mradi ambao ungewasaidia?

Bon, swali lilikuwa ndani ya sura yangu. Nikafunga kifungo cha koti, nikasalimu wakubwa wote waliokuwepo na wasiokuwepo, nikarudisha sahani: ukurasa mzima, nikiugeuza Kiingereza njiani kadiri ya nguvu zangu, pamoja na kikohozi chake.

Alinishukuru. Kisha akauliza: na wewe je?

Nikamuuliza, mimi nini? Akasema, wewe mwenyewe, unawaza nini? Nikamjibu kwa heshima zote kwamba syllabus ya kwao bado sijaipata.

Darasa lilicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini masikio yangu yalipata moto wa kuchomea mahindi ya Butembo nzima. Na kilichoniuma zaidi hakikuwa kile kicheko. Nilipoinama ndani yangu kutafuta ninachowaza mimi, mtu mzima mwenye ndevu, sikukuta kitu. Nilikuta sauti za walimu wangu zimekaa kwenye viti vyote, na mimi sina hata pa kusimama. Tangu siku ile nikanyamaza. Mimi, nikanyamaza. Nilikaa kwenye duara lile kama mgeni wa matanga asiyemjua marehemu. Chumbani nililia kwa kuficha mdomo kwenye mto, kwa sababu ukuta ulikuwa mwembamba. Na mama akipiga simu nilimjibu kwamba huku ni sukari tupu, huku bila mimi darasa halianzi.

Aliyenifungua ni msichana mmoja wa huko, mwembamba kama mshale wa saa. Siku moja alimwambia mwalimu wazi, mbele ya watu, kwamba hakubaliani naye. Nilitega sikio kusubiri radi. Mwalimu akafurahi. Akateremka mezani, akamwomba mfano, msichana akatoa mfano, mwalimu akasema kweli hapo umenishinda. Nilitoka pale kichwa kinazunguka. Kwetu mtu aliyemwambia assistant maneno yale alirudia mwaka.

Polepole nikaanza na mimi. Tulipoambiwa tuandike jambo tulilolichunguza wenyewe, nilikaa siku nyingi mbele ya karatasi nyeupe, halafu nikawakumbuka mama zetu wanaopanda vilima vya Butembo na mizigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Wote hutua mzigo mahali pamoja, pale mteremko unapokata pumzi. Mmoja anatua, wa pili anamuuliza ana nini, wa tatu ananunua. Mwaka ukipita pale kuna soko, na hakuna serikali iliyolianzisha. Nilikuwa nimepita pale maelfu ya mara na misumari yangu, na sikuwahi kujua kwamba jambo lile linaweza kuandikwa chuoni. Mwalimu alirudisha kazi yangu na maneno machache pembeni: hili ni lako. Nilitembea na karatasi ile ndani ya shati kama mtu aliyebeba kifaranga.

Ningeishia hapo, ningekuwa kielelezo kizuri. Mais mtu aliyekaa na njaa muda mrefu, ukimpa chakula anakula mpaka anaumwa. Mwaka ulipokwisha nilikuwa napinga kila kitu. Nilimpinga mpishi wa kantini juu ya maharage. Nilirudi Butembo nikampinga muendesha pikipiki, nikimuomba anieleze hoja ya bei yake, akaniteremsha kwenye matope. Nikampinga tajiri wangu wa duka. Na kila nilipoketi nilisimulia jinsi kule nilivyokuwa mfalme: nikifungua mdomo, walimu wanatoa kalamu. Dada yangu alikuwa msikilizaji wangu mwaminifu kuliko wote. Alikuwa anakaa chini, kidevu mkononi, ananiita yaya, yaani ndugu yake mkubwa, na kuniomba nirudie.

Basi siku ile ya mkutano baba mkubwa alifika kabla ya saa sita, kofia mkononi, viatu vimepanguswa. Viti tuliazima kanisani. Mchungaji alifungua kwa maombi ya kutosha kuivisha maharage. Wanaume tulikaa saluni, yaani sebuleni, wanawake upande wa mlango wa jikoni, na dada yangu kwenye kigoda kati ya mama na ukuta, mikono juu ya magoti, amesuka nywele upya kwa ajili ya siku ile.

Baba mkubwa hasemi haraka. Alianzia kwa babu yake aliyetembea kwa mguu mpaka Kamango kutafuta chumvi, akapita kwenye kahawa iliyotusomesha, akapita kwenye vita, akapita kwenye kakao, na sisi tukaitika kila kituo. Mwishowe akafika.

"Batoto benye tunatumaga ng'ambo, habarudiake," alisema. "Na hata ule mwenye anarudi, si ule mwenye tulituma."

Kwetu kuna njia ya kumpinga mzee, na mtoto wa kumi na mbili anaijua. Unaanza kwa kumshukuru. Unarudia maneno yake yote, moja baada ya moja, kama mtu anayekunja nguo za mwingine. Ukishamaliza kukunja, ndipo unaweka lako dogo juu, kwa sauti ya chini, kana kwamba nalo limetoka kwake. Mzee akitaka, analichukua. Asipotaka, hakuna aliyelisikia.

Mimi nilinyoosha mkono kama darasani.

"Baba mukubwa, kwa heshima yote, mi siko d'accord, sikubali. Mutu hawezi kusema 'batoto' hivi tu, kwa ujumla. Ni batoto gani? Tupe hata mufano moja."

Nilisema vizuri, na hilo ndilo linaloniuma hata leo. Sauti ilitoka imenyooka. Niliangalia hata kushoto na kulia, kama kule, kuona nani ataendeleza hoja.

Mchungaji alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama alikuwa amefumba macho. Baba mkubwa hakukasirika, angekasirika ningemshukuru. Kama mzee aliyeulizwa njia na mpita njia, alinyoosha kidevu kuelekea mlango wa jikoni, ambapo mke wake alikuwa amesimama na sinia.

"Mufano?" akasema. "Mama ya mufano ni ule pale, ameshika chai."

Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mkubwa kuliko mimi. Alikwenda kusoma nchi ya mbali, upande wa Asia, kabla mimi sijagusa mlango wa chuo. Baba mkubwa mwenyewe alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, amevaa suti ya ndoa. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili, halafu kila sikukuu, halafu namba ikawa inajibiwa na sauti ya mashine kwa lugha ambayo hakuna mtu wa Oicha anayeijua. Hajafa, kwa kadiri tunavyojua. Hajasikiwa na mtu, hajaonekana na mtu. Katika ile jamaa jina lake halitajwi mezani, na nilikuwa nalijua hilo kama vile ninavyojua jina langu. Nilikuwa nimelijua asubuhi. Nililijua tena mara tu baada ya kufunga mdomo. Katikati tu pale, nilipokuwa naongea vizuri, sikulijua.

Mama mkubwa aliingia na chai. Alianzia kwangu, kwa sababu nilikuwa karibu na mlango.

"Sukari, papa?" akaniuliza, kama anavyomwita kila mtoto wa kiume.

Aliweka vijiko viwili, akakoroga yeye mwenyewe, akaendelea kwa mchungaji. Hakumwaga hata tone. Mimi niliinua kikombe haraka mpaka chai ikanichoma goti, na nilishukuru kwa maumivu yale, angalau palikuwa na kitu cha kuangalia.

Baba mkubwa alimaliza kikombe chake, akavaa kofia, akasema, "Tumesikia." Kwetu neno hilo likisemwa hivyo ni mlango umefungwa. Wakarudi Oicha siku hiyo hiyo, hawakulala. Mama hakunigombeza. Aliosha vikombe, akaviosha tena. Dada yangu ndiye aliyenifuata uani, ameshaanza kufumua nywele zake.

"Yaya, umeshinda," akasema. "Sasa mi nitaenda kusoma wapi?"

Majuma yale nilitembea Butembo kwa kupita njia za nyuma. Habari za jamaa hazina miguu lakini zinapanda vilima kuliko pikipiki. Dukani tajiri wangu, kila nikisema misumari imekwisha, aliniomba mfano. Nilicheka naye, kwa sababu kucheka ndiyo kazi yangu, halafu nikaenda nyuma ya mabati kukaa. Muhula wa kule ulikuwa unakaribia, valizi ya dada ilikuwa chini ya kitanda cha mama, tupu, na hakuna aliyeigusa.

Kwetu aliyemkosea mkubwa hamwendei mwenyewe. Anatafuta mtu wa kumpeleka, anabeba mbuzi, na akifika hana mdomo. Shangazi yetu anayeuza samaki wakavu soko la Beni ndiye aliyekubali kunipeleka. Alitungoja Beni, mimi na dada, akanitazama kuanzia viatu.

"Karibu, profesa," akasema. "Leo mudomo yako iko mu sac yangu ya samaki. Utaikuta jioni."

Tulichukua pikipiki mbili: shangazi na dada mbele, mimi nyuma na mbuzi mapajani. Mbuzi yule alijadili kila kilima. Kwenye kizuizi askari alituuliza tunaenda wapi na mbuzi, na shangazi akamjibu bila kugeuka: "Ni mbuzi mbili, chef. Moja tutachinja, hatuyachagua gani." Askari alicheka mpaka akasahau kutuomba karatasi. Dada hakucheka. Alikuwa amekaa wima, macho mbele, kama mtu aliyebeba maji kichwani.

Oicha ilikuwa na joto. Uani kwa baba mkubwa kakao ilikuwa imetandazwa juu ya turubai, na harufu yake ya siki inakuingia mpaka kwenye meno. Nilipewa kigoda kifupi. Shangazi alisimama akanisemea, na katika kunisemea hakuniacha na ngozi. Wazee wawili wa jirani wakaongeza. Mmoja alisema kichwa changu ni kama jenereta: kelele nyingi, taa moja. Kila mmoja alipomaliza nilikuwa na jibu, na mfano, na hoja ya pili, vinanipanda kooni kama gesi ya Fanta, na kila kimoja nilikimeza. Sijawahi kufanya mtihani mgumu kama ule. Na katikati ya kumeza nikaona kwamba mengi waliyosema yalikuwa kweli.

Baba mkubwa hakuniangalia. Alimgeukia dada yangu.

"Umeona vile ng'ambo inafanyaga mutu," akamwambia. "Na bado unataka?"

Dada alitoka kwenye mkeka, akapiga magoti. Alimshukuru. Kisha akaanza kukunja nguo. Alianzia kwa babu yule wa chumvi na Kamango, akapita kwenye kahawa, kwenye vita, kwenye kakao, hakuruka kituo. Alikuwa ameyakamata yote kutoka siku ile akiwa kwenye kigoda chake, wakati mimi nilikuwa nasubiri zamu tu. Nilidhani atakapofika pale penye kidonda atapita pembeni. Hakupita pembeni.

"Baba, umesema batoto benye munatumaga ng'ambo, habarudiake," akasema. "Ni kweli. Yaya yangu mukubwa hayarudia. Mi naomba uniombee, nikuwe mwenye kurudi."

Hakuna aliyekuwa amemuita yule mtoto wao aliyepotea "yaya yangu" katika uwanja ule kwa miaka. Baba mkubwa alichukua punje ya kakao, akaibonyeza kwa ukucha kuona kama imekauka, akairudisha. Aliyeongea ni mama mkubwa, kutoka mlangoni.

"Aende," akasema. "Mais kila yenga anipigie simu. Hapana mama yake. Mimi."

Yenga kwetu ni Jumapili. Baba mkubwa akasema kwamba mke wake ameshaongea, yeye ataongeza nini. Akaweka mkono juu ya kichwa cha dada na kumuombea kwa Kinande, lugha yetu, maneno machache. Mbuzi akachinjwa. Mimi nikapewa sehemu yangu kama wote. Kwangu mimi baba mkubwa hakusema samahani imepokelewa wala haikupokelewa. Alisema tu kwamba mavuno yajayo mikono itahitajika.

Dada alivuka Kasindi kabla ya muhula kuanza. Na mimi nikateremka Oicha wakati wa mavuno, na nikaendelea kuteremka. Tajiri wangu ananipa ruhusa kwa furaha ya ajabu. Nabeba, nageuza kakao, naambiwa fanya hivi, nafanya hivi. Habari za dada yangu wa tumbo moja nilikuwa nazipata pale, mkono wa pili, kwa mama mkubwa: amefika salama, amepata chumba na Mnande mwenzake, kunanyesha. Neno la siku ile ya chai mama mkubwa hajawahi kuligusa. Ananipa chakula kwanza kuliko wengine. Ningependelea anipe cha mwisho.

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa wawili tu uani, baba mkubwa amebaki kanisani na kikao cha wazee. Simu iliita. Mama mkubwa huiweka sauti kubwa, kwa sababu sikio lake moja limechoka, na huishika mbele ya uso kwa mikono miwili kama kitabu cha nyimbo. Walisalimiana. Kisha sauti ya dada yangu ikabadilika.

"Mama, nataka kurudi," akasema.

Mama mkubwa akamuuliza kama anaumwa. Haumwi. Kama kuna aliyemgusa. Hapana. Ilitoka polepole, vipande vipande, na pua inavutwa katikati. Darasani wanakaa duara. Wanaulizwa wanawaza nini. Wenzake wote wana la kusema na yeye hana, akisimama yanatoka maneno ya syllabus, wanacheka. Sasa haongei tena. Juma lililopita hakwenda kabisa.

"Yaya alifika hapa akakuwa mufalme," akasema. "Alituambiaga. Mi niko mujinga peke yangu."

Mama mkubwa aliinua macho kutoka kwenye simu, akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira.

Basi nilijua valizi ile aliifunga na nini. Alikuwa ameweka ndani hadithi zangu zote, walimu na kalamu zao, amezikunja vizuri kama anavyojua kukunja. Kila usiku huko alikuwa anazifungua, anajipima nazo, anajikuta mfupi. Nilikuwa nimesema uwongo ule kwa furaha, kama mtu anayemwaga sukari. Sisi wote tunaorudi tunasimulia sukari. Nani atarudi kutoka ng'ambo, mbele ya watu waliomuombea na kumsindikiza, aseme alikuwa analia kwenye mto?

Nikaisogelea simu. Sauti yangu, inayojulikana mpaka Beni, ilitoka kama ya mtu aliye chini ya bati.

"Mi pia," nikasema. "Ni vile vile. Balinicheka na mi. Nilinyamaza mpaka Noeli."

Dada yangu akashtuka: "Yaya, uko pale? Ni kweli?"

"Ni kweli. Nilikuwaga nalia. Hapana mufalme."

"Na mbona hukusema?"

Nilimweleza tu, haraka haraka, habari ya msichana mwembamba, na ya mama zetu wenye mizigo, kwamba jambo la kuandika nililitoa huku huku kwetu. Kwamba na yeye aangalie ameacha nini machoni pake huku nyumbani, ataona kipo. Nilijisikia naongea sana, nikakata. Alivuta pua. Akasema, "Bon. Kesho tuko na darasa." Hakusema ataenda. Mama mkubwa akamuombea kwenye simu, akamwambia yenga ijayo apige mapema, na simu ikazima.

Aliiweka mapajani, akaifunika kwa kitambaa chake kama kawaida. Mkono wa kulia ukaanza kugeuza kakao, bila kuangalia, ukienda na kurudi.

"Na ule wetu," akasema. "Unazania ilikuwaga vile? Alipata haya, akakosa mutu wa kumuambia?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mwanawe mbele yangu. Mimi najua maneno mengi. Nina maneno ya jioni ya Butembo na maneno ya duara la ng'ambo, na kwa kila swali duniani nimeshawahi kutoa jibu, mengine kabla ya swali kwisha. Niliangalia mikono yake.

"Sijui, mama mukubwa," nikamwambia.

Akatikisa kichwa polepole. Halafu akanionyesha upande mmoja wa turubai nishike, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa msitu, tukaanza kufunika.